Kupunguza volti ya prosesa ili betri ya sola idumu: inalipa au hailipi?

Wiki hizi inbox yangu imejaa swali moja, limegeuzwageuzwa tu: "Boss, kuna fundi ananiambia atafungua kompyuta yangu, ataibadilishia rezista ili prosesa ipate volti ndogo, itakula umeme nusu. Mimi natumia sola. Nimpe mashine au nimuache?"

Hilo swali si la kujibu kwa neno moja, ndiyo maana nimekaa nikaliandika lote hapa. Jambo lenyewe lipo, si utapeli. Kuna watu duniani wamelifanya miaka na miaka na linafanya kazi. Ila kati ya "linafanya kazi" na "litakusaidia wewe unayeuza vitenge au dagaa mtandaoni" kuna umbali, na huo umbali ndio nataka tuutembee pamoja. Leteni chai.

Kwanza tuelewane kwa nini mtu wa huku anahangaika na wati mbili tatu. Mimi niko Guta, Bunda, kando ya ziwa. Oda za mtandaoni haziji asubuhi. Mteja wa Dar au Arusha anatoka kazini, anakula, ndipo anashika simu. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa nne ndipo watu wanauliza bei, wanalipia, wanatuma jina la kuandika kwenye mzigo. Alfajiri mzigo unatakiwa uwe umefungwa na umeandikwa, bodaboda aupeleke stendi ya Bunda kuwahi basi. Sasa umeme ukikatika saa moja na kompyuta ikazima saa tatu, na daftari lako lote la oda na stoo limo humo ndani, umepoteza usiku mzima wa biashara. Kwa hiyo dakika za betri ni hela kabisa. Simlaumu mtu anayetaka kufungua mashine.

Sasa prosesa inakulaje umeme. Ndani yake kuna swichi ndogo sana, mamilioni mpaka mabilioni, zinazowaka na kuzima. Kila swichi inajazwa chaji kidogo halafu inamwagwa, inajazwa, inamwagwa. Fikiria mtu anachota maji ziwani anapandisha kilimani. Ukimwambia atumie ndoo kubwa zaidi na pia apandishe mlima mrefu zaidi, umemuongezea kazi mara mbili kwa mkupuo mmoja. Volti iko hivyo hivyo: ukiipandisha, chaji inayojazwa inaongezeka, na msukumo wa kuijaza nao unaongezeka. Ndiyo maana umeme wa prosesa haufuati volti peke yake, unafuata volti mara volti, halafu mara spidi.

Weka namba. Prosesa inayotumia volti 1.2: 1.2 mara 1.2 ni 1.44. Ukishusha mpaka volti 1.0: 1 mara 1 ni 1. Spidi ni ile ile. Volti umepunguza kwa asilimia 17 hivi, umeme umepungua kwa asilimia 31. Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo mafundi wanapopata maneno ya kuuzia kazi yao. Joto nalo linapungua kwa kiasi kile kile, maana umeme wote ule prosesa inaugeuza kuwa joto.

Mtu atauliza, kama inawezekana, kiwandani kwa nini hawakuweka volti ndogo tangu mwanzo? Ni kama mtu anayekata sare za shule nzima kwa kipimo kimoja. Atachukua kipimo cha mtoto mkubwa, ili asirudishiwe hata moja. Chipu zikitoka kiwandani hazilingani. Nyingine inatosheka na volti ndogo, nyingine inataka zaidi, na zote zitafanya kazi kwenye joto, zitazeeka, zitawekwa kwenye bodi za kila aina. Kampuni inaweka volti ya kumtosha yule dhaifu na juu yake inaongeza akiba. Ukishusha volti, unakula hiyo akiba. Shika neno hilo, akiba, tutalirudia kwenye kupima.

Sasa twende kwenye ufundi wenyewe, maana wengi mnaambiwa tu "nitabadilisha rezista" bila kujua fundi anaenda kugusa nini.

Prosesa haitumii umeme wa chaja moja kwa moja. Chaja inatoa volti 19, prosesa inataka moja hivi. Katikati kuna kidhibiti cha volti, kwenye mazabodi utakiona kando ya prosesa kwa zile koili za mraba na kapasita zake. Nani anakiambia kidhibiti kitoe volti ngapi? Zamani prosesa yenyewe ilikuwa inaongea nacho kwa pini. Chukua Pentium M ya Intel, iliyotoka mwaka 2003. Ilikuwa na pini 6 za kazi hiyo tu. Kila pini ni sifuri au moja, jumla namba 64 tofauti, na kila namba ina volti yake: kuanzia 1.708 ikishuka kwa hatua za 0.016 mpaka 0.700. Watu wakatambua kwamba ukizidanganya zile pini, kidhibiti kinasoma namba nyingine kinatoa volti nyingine. Wengine waliunganisha pini mbili kwa uzi mwembamba wa shaba kwenye soketi, wengine waliziba pini kwa kipande cha gundi. Hakuna lehemu, hakuna programu. Ilikuwa kazi ya mikono mitulivu na macho mazuri.

Mtindo huo umekufa, na hapa ndipo mnapotakiwa kuwa macho. Kuanzia kizazi cha pili cha Core i, mwaka 2011, prosesa za Intel haziongei na kidhibiti kwa pini za sifuri na moja. Zinaongea kwa waya wa data, kama ujumbe mfupi unaotumwa na kujibiwa muda wote, volti inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde. Huwezi kuziba pini ukabadilisha ujumbe. Halafu kizazi cha nne, mwaka 2013, sehemu kubwa ya kidhibiti ikaingizwa ndani ya prosesa kabisa. Kwa hiyo ukiwa na laptop ya mtumba, hizi tunazonunua sana, angalia namba yake. i5-2520M ni kizazi cha 2. i5-4300U ni kizazi cha 4. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi (za kizazi cha 10 na kuendelea zinaanza na 1, usichanganye). Fundi akikuambia kwenye mashine ya namna hiyo ataziba pini ashushe volti, muulize kwa upole ataziba ipi. Mara nyingi mazungumzo yataishia hapo.

Iko njia ya pili, na hii bado inafanya kazi kwenye mashine fulani. Kuna kompyuta ndogondogo, zile boksi za kuuzia, zile za zamani za ofisini zisizo na diski, na bodi nyingine ndogo, ambazo kidhibiti chake hakiongei na prosesa kabisa. Volti imepangwa mara moja kwa rezista mbili, basi. Rezista ya juu inatoka kwenye volti inayotolewa kuja kwenye mguu wa kidhibiti wa kusomea, na rezista ya chini inatoka kwenye mguu huo kwenda hasi. Kidhibiti kina volti yake ya kulinganishia ndani, na hesabu ni hii: volti inayotoka ni sawa na volti ya kulinganishia, mara moja jumlisha rezista ya juu gawanya kwa rezista ya chini.

Wa kidato cha pili na tatu mnakumbuka Ohm, hamkudhani mtamuona tena dukani. Tuseme volti ya kulinganishia ni 0.8, rezista ya juu kilo-ohm 5, ya chini kilo-ohm 10. 5 gawanya 10 ni 0.5. Ongeza moja, 1.5. Mara 0.8, unapata volti 1.2. Sasa fundi anachukua rezista ya kilo-ohm 20 anaibandika sambamba na ile ya juu. 5 na 20 sambamba zinakuwa 4. 4 gawanya 10 ni 0.4, ongeza moja, mara 0.8: volti 1.12. Akibandika ya kilo-ohm 10 badala ya 20, ya juu inakuwa 3.33, na volti inashuka mpaka 1.07 hivi. Kwa hiyo 1.07, umeme wa prosesa unabaki kama asilimia 79 ya mwanzo. Umeokoa moja ya tano.

Angalia sana: nimesema ya JUU. Ukibandika rezista hiyo hiyo sambamba na ile ya chini, kigawanyio kinapungua, volti INAPANDA. Kwa mfano wetu ule ule, kilo-ohm 10 kwenye ya chini inaipeleka volti kutoka 1.2 mpaka 1.6. Prosesa ndogo haivumilii hiyo. Dada mmoja tunayefahamiana kwenye biashara, anauza vitenge, alipeleka boksi lake kwa fundi wa mji mwingine akarudishiwa likiwa halisemi wala haliwaki feni. Fundi mwingine alipolifungua alikuta rezista imebandikwa vizuri kabisa, lehemu safi inang'aa, ila upande wa chini. Daftari la wateja wa miaka miwili lilikuwa kwenye diski. Bahati yake diski ilipona. Kazi safi upande usio sahihi.

Kosa la pili ni kung'oa rezista ya juu na kuweka ya kuzungusha badala yake. Zile za kuzungusha zina mguso mdogo ndani, vumbi likiingia au gari likitikisa mguso unaachia. Ikiachia, kidhibiti hakisomi chochote, kinadhani volti ni sifuri, kinasukuma kwa nguvu zote. Ukiibandika sambamba huku ya kiwandani ikibaki mahali pake, hata ikiachia volti inarudi ya mwanzo tu, hakuna kilichoungua. Fundi anayejua atafanya hivyo: ataweka ya kuzungusha ikiwa kwenye kiwango chake cha juu kabisa kabla ya kuwasha, atapima kwa mita kwenye koili ya prosesa, atashusha kidogo kidogo, akipata volti anayoitaka atatoa ile ya kuzungusha apime ohm zake aweke rezista ya kudumu. Na kabla ya yote atakuwa na karatasi ya kiwandani ya kile kidhibiti, ameisoma, si kukisia. Muombe akuonyeshe kwenye simu yake. Huyo ndiye wa kumpa mashine. Anayekuambia "niachie, uje jioni" bila kuuliza hata aina ya bodi, mshukuru, chukua mashine yako uende.

Halafu kuna njia ya programu, ambayo haihitaji bisibisi. Kwenye Intel za kizazi cha nne na kuendelea kuna programu ya bure inaitwa ThrottleStop, inaweza kuiambia prosesa ijipunguzie volti kwa kiasi unachotaka, na ukikosea unazima unawasha upya inarudi kama zamani. Tamu sana, ila Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Graz na Leuven walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt. Walionyesha kwamba mwizi akishika mlango huo wa kushusha volti anaweza kuifanya prosesa ikosee hesabu kwa makusudi na kutoa siri inazozificha. Intel wakatoa marekebisho, na watengenezaji wengi wa laptop wakaufunga mlango kupitia BIOS mpya. Kwa hiyo laptop mbili zinazofanana, moja inakubali na nyingine inakataa, kutegemea BIOS. Usirudishe BIOS ya zamani kwa ajili hii kama kompyuta hiyo ndiyo unaingilia benki. Huo ni ushauri wangu, wengine watabisha.

Kwenye Raspberry Pi mpaka ya 4 ni rahisi zaidi: kuna faili linaitwa config.txt, unaandika mstari over_voltage=-2 na volti inashuka kwa 0.05. Hakuna fundi wala lehemu.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiko tulikokuwa tunaenda.

Umepewa ahadi ya "nusu". Nusu ya nini? Hata ukiokoa asilimia 21 ya umeme wa prosesa, prosesa si kompyuta nzima. Mfano mzuri ni zile laptop ndogo za mwaka 2008 zenye Intel Atom N270. Prosesa ile ilikuwa imepimwa kwa wati 2.5 tu. Chipu zilizokaa pembeni yake kuisaidia zilikuwa zinakula zaidi yake, na kioo nacho kina chake. Ukihangaika kupunguza moja ya tano ya wati 2.5 umepata nusu wati. Taa ndogo ya choo inakula zaidi.

Chukua laptop ya kawaida ya mtumba. Tuseme inakula wati 18 ukiwa unafanya kazi zetu hizi: WhatsApp ya kwenye kompyuta, jedwali la stoo, kupunguza ukubwa wa picha. Kati ya hizo 18, tuseme prosesa ni 5, kioo 4, zilizobaki 9 ni diski, intaneti, kumbukumbu na vinginevyo. Betri yako ya sola ni ya volti 12, ampia-saa 20. Hiyo ni wati-saa 240, lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo una 120 za kutumia. Na wewe, kama wengi, umeunganisha hivi: betri, inveta, chaja ya laptop, laptop. Inveta ya bei rahisi, tuseme inafikisha asilimia 85 ya inachochukua. Chaja asilimia 87. Zidisha hizo mbili: asilimia 74 tu ndiyo inafika kwenye laptop. Kwa laptop ya wati 18, betri inatoa wati 24.3. Gawanya 120 kwa hiyo: saa 4 na dakika 56.

Fundi akashusha volti ya prosesa, kazi nzuri, umeokoa wati moja. Laptop sasa ni wati 17, betri inatoa 23. Saa 5 na dakika 13. Umepata dakika 17. Kwa hela ya fundi na hatari ya mazabodi.

Sasa ondoa inveta. Yaani acha kupandisha volti 12 kwenda 230 halafu kuirudisha 19, safari ya Bunda kwenda Musoma kupitia Mwanza. Nunua chaja ya laptop ya kwenye gari, ile inayochukua volti 12 inatoa 19 moja kwa moja. Nyingi nzuri zinafikisha asilimia 90 na kidogo, tuseme 92. Laptop yako bila kuguswa, wati 18, betri inatoa 19.6. Saa 6 na dakika 8. Umepata saa nzima na dakika 12, na hakuna aliyefungua skrubu hata moja. Punguza mwanga wa kioo uokoe wati 2, unafika karibu saa 6 na dakika 54. Kutoka saa tano kwenda karibu saa saba. Oda za saa nne usiku unazijibu kwa raha.

Namba za mashine yako zitakuwa tofauti, hizo ni za mfano. Lakini mpangilio wake hautabadilika sana: inveta kwanza, kioo pili, prosesa baadaye.

Kwenye chaja ya gari kuna mitego midogo niwatajie. Dell na HP nyingi zina pini katikati ya plagi, laptop inaitumia kuitambua chaja. Chaja isiyotambulika kwenye Dell, laptop itawaka lakini inaweza kukataa kuchaji betri yake na kujipunguzia spidi. Lenovo za plagi ya mstatili ya njano nazo zina utambuzi wao. Kwa hiyo ipeleke laptop yako dukani uijaribishe palepale, usinunue kwa kuangalia picha. Laptop mpya zinazochaji kwa USB-C ni nafuu zaidi, chaja zake za gari zipo nyingi, hakikisha tu wati zake zinatosha. Na weka fyuzi karibu na betri, kwa chaja ya wati 65 fyuzi ya ampia 10 inafaa. Waya uwe mnene na mfupi. Betri ya sola ikigusana nyaya zake haikatiki kama LUKU ikiisha, inachoma.

Hili la kutafuta umeme unapopotelea kwanza si langu, wakubwa walishalifanya. Rwanda walianza mwaka 2008 kugawa zile laptop za kijani na nyeupe za watoto, XO, na zikafika zaidi ya laki mbili. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya AMD Geode ya megahezi 433 tu. Lakini waliozibuni hawakuishia kwenye prosesa. Kioo chake walikitengeneza kisomeke juani taa ya nyuma ikiwa imezimwa, na mashine ikawa inalala kila inapokosa kazi. Au angalia wavuvi wetu wa dagaa. Karabai ziliwahi kujaa ziwani usiku, leo utaona taa za LED na betri. Hawakuboresha utambi wa karabai, walibadilisha taa.

Je, kuna mtu wa kumfaa kazi ya volti? Yupo. Wewe unayehariri video za TikTok kwenye kompyuta, ule muda wa kutoa video iliyokamilika prosesa inafanya kazi kwa nguvu zote, inaweza kula wati 25 au 35 peke yake. Moja ya tano ya hapo ni wati 5 mpaka 7, hiyo si ya kudharau. Na kuna joto. Duka la bati saa nane mchana, feni inalia kama jenereta, laptop inajipunguzia spidi yenyewe isiungue. Volti ikishuka joto linashuka, na mara nyingine mashine inakuwa na spidi zaidi kwa sababu haijibani tena. Pia mwenye boksi dogo linalowaka saa 24 kwa ajili ya kamera au mauzo, nusu wati kwa siku ni wati-saa 12, kwa sola ndogo inaonekana.

Kwa hao nao, kabla ya lehemu jaribuni kitu hiki cha bure. Kwenye Windows fungua Control Panel, Power Options, ingia kwenye mipangilio ya ndani ya mpango wako, tafuta "Maximum processor state", weka 99 badala ya 100. Kwenye laptop nyingi hiyo inazuia prosesa kuruka juu ya spidi yake ya kawaida, na ule mruko ndio unaokuja na volti kubwa kuliko zote. Umeshusha volti na spidi kwa pamoja bila kudanganya pini yoyote. Video itachelewa kidogo kutoka, feni itanyamaza. Mimi yangu iko 99 muda wote, nairudisha 100 umeme wa gridi ukiwepo.

Na atakayeamua kushusha volti kabisa, kwa fundi au kwa programu, narudi kwenye ile akiba. Volti ikipungua mno mashine haikuambii "nimechoka". Siku nyingine inaganda, hiyo ni afadhali, umejua. Mbaya ni ile inayokosea hesabu kimyakimya huku kila kitu kikionekana sawa. Jedwali la stoo linaandikwa vibaya kwenye diski, na unakuja kuligundua siku ya kufunga mwezi. Kwa hiyo nakili mafaili yote kwenye flashi kwanza, flashi itolewe kabisa. Kisha ipe mashine kazi nzito kwa saa kadhaa, programu ya Prime95 ni ya bure na inajikagua majibu yake, ikikosea inasema. Fanya jaribio hilo mchana wa joto, usifanye usiku wa upepo wa ziwa halafu ukasema imefaulu. Ukipata kiwango ambacho bado inafaulu, panda kidogo juu yake. Ile kidogo ni akiba yako mpya. Na rafiki yako mwenye laptop kama yako asinakili namba zako, chipu yake si yako.

Wanaotaka niwaangalizie: tumeni inbox picha ya kibandiko cha chini ya laptop, picha ya plagi ya chaja ikionekana tundu lake, na maandishi ya ubavuni mwa betri ya sola. Namba ya mashine tupu haitoshi, nahitaji vyote vitatu ndipo nikuambie chaja gani ya gari utafute. Nitajibu kuanzia saa nne usiku, nikishamaliza kufunga mizigo.